Panga la Mwendo na Panga la Mzigo

Baba yangu hakuwa mtu wa majini, na mpaka leo sijui watu wa Nkome, kijijini kwetu ziwani, walipata wapi moyo wa kupanda chombo chake. Alizaliwa upande wa Shinyanga, kwenye ng'ombe na vumbi, na maji mengi aliyoyajua utotoni yalikuwa ya lambo. Alikuja Geita kutafuta kazi mgodini, wakampa kusukuma matoroli ya mawe, na wenzake hawakumwacha apumue: Msukuma kaja kusukuma. Alipochoka na matoroli na utani akateremka ziwani, akaoa Mzinza, ndiye mama yangu, akabaki. Kuogelea hakujua mpaka anakufa. Alipooga ziwani, mkono mmoja ulisugua mwili na mwingine ulishika mtumbwi.

Hata hivyo ni yeye aliyekuwa wa kwanza pale mwaloni kwetu, ufukweni panapoegeshwa mitumbwi, kufunga mashine kwenye mtumbwi. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, bado tunatawaliwa na Waingereza, na watu wetu walikuwa wakivuka ziwa kwa kafi na kwa tanga bovu. Mashine aliipata kwa Mzungu mmoja mpima miamba aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Aliibeba begani ndani ya gunia, akaja nayo kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu hakutaka kuikabidhi kwenye lori la mtu. Siku ya kwanza alivuta kamba ya kuiwashia mpaka jasho likamchuruzika, wanaume wamejipanga pwani wakimcheka, na ilipokubali hatimaye, wale waliokuwa wanacheka ndio waliokuwa wa kwanza kuomba kupanda. Watu ndivyo walivyo.

Sasa, kile kitu kinachozunguka chini ya maji na kusukuma chombo, vitabu vinakiita rafadha. Neno hilo nimekutana nalo nikiwa mtu mzima, na nilipolisikia nilidhani ni jina la ugonjwa. Sisi tulikiita panga, basi. Panga la mashine. Na neno hilo ndilo lililotuponza, maana Msukuma ukimwambia hili ni panga, ataliangalia makali.

Baba aliliangalia makali. Akaona ni butu. Akaketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, panga lile katikati ya magoti, akachukua tupa na kulinoa mabawa yote matatu mpaka yakang'aa kama ya kuchinjia. Mama akamuuliza anafanya nini. "Linakata maji kwa shida," baba akajibu. "Panga lisilonolewa lina faida gani?" Hakuna aliyembishia. Hata mimi, na ulimi wangu huu, niliona ana akili.

Basi likawa jembamba. Siku chache tu, likagusa mchanga kwenye kina kifupi, bawa moja likajikunja na jingine likamegeka ncha kama kigae. Kuanzia hapo mashine ikawa inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mama alikuwa hapandi mpaka ajifunge khanga mbili tumboni, akidai matumbo yatamdondoka. Abiria wakaanza kurudi kwenye makafi, na baba, ambaye alikuwa mtu wa kiburi cha kimyakimya, akaacha kula vizuri.

Ikabidi aende Mwanza. Huko akaingia duka la Mhindi mmoja aliyekuwa anauza vyuma vya kila namna, na Mhindi akamtolea mapanga mawili yaliyoingia kwenye mashine yetu. Upana ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa kwenye mpindo wa mabawa. Moja mabawa yake yalipinda sana, na jingine yalipinda kidogo tu. Mhindi akamwambia kwa kifupi, hili la mwendo, hili la mzigo, mzee chagua. Baba hakuwa mtu wa kuchagua mbele ya watu. Akarudi na yote mawili, akaja kutueleza sisi kana kwamba yeye ndiye aliyeyatengeneza.

Alitueleza wakati wa kula, kwa ugali. Hili lenye mpindo mkubwa, alisema, linamega tonge kubwa: kila likizunguka mara moja linapiga hatua ndefu. Akamega tonge la kutisha, akalimeza, macho yakamtoka. Hili lingine linamega kidogo kidogo, halifiki upesi, ila halikabwi. Mama akamwambia basi ameze kidogo kidogo kabla hatujaitana msiba.

Unadhani alifunga lipi? La mwendo, bila shaka. Alilijaribu chombo kikiwa kitupu, yeye peke yake amekaa nyuma, na kwa kweli liliruka. Pua ya mtumbwi iliinuka, watoto wakakimbia ufukweni wakishangilia, na baba akapita mbele ya mwalo mzima mara mbili bila sababu yoyote isipokuwa kuonekana. Sikumlaumu. Nilisimama kwenye mikeka yangu ya kuanikia furu, samaki wadogo wa ziwani, nikicheka peke yangu kwa furaha. Nikikumbuka uso wake siku ile natamani kumwona tena hata kwa dakika moja.

Lile la mzigo likakosa kazi. Mimi ndiye niliyelipa kazi: nikaligeuza kizito cha kukandamizia mkeka wa furu upepo usiupeperushe. Furu walikuwa biashara yetu na mama. Tuliwakausha, tukawajaza magunia, na magunia yakaenda kwa wenyeji wa mgodini ambao walikuwa hawachagui samaki. Kwa hiyo nilipanda chombo cha baba pamoja na magunia, tena mara nyingi, na huko ndiko nilikoijua tabia ya panga la mwendo. Chombo kikiwa kitupu, mfalme. Kikipakiwa, mashine inakoroma, moshi unafuka, nyuma kunadidimia na pua inayumba huku na huku bila kujua iendako. Baba alikuwa akisema ni mafuta mabaya. Kila siku mafuta mabaya. Nilimwambia, baba, badilisha panga. Akaniambia, mwanangu, kakaushe samaki.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na mashine nayo ilikuwa mwenzetu.

Kisha akaja mtu wa kunioa. Alikuwa kijana wa kisiwani, kisiwa kile tulichokiona mbele yetu asubuhi ukungu ukiondoka, mvuvi, mwenye mabega mapana na maneno machache. Tulizoeana pale mwaloni alipokuwa akileta samaki. Sitasema zaidi, wajukuu zangu wanasoma. Itoshe kusema nilimpenda na nilitaka kwenda kwake, na kama asingekuwa yeye nilikuwa radhi nizeeke na furu wangu.

Baba hakumpenda. Hakusema hampendi, alisema mtu wa majini hana zizi. Kwa Msukuma hilo ni sawa na kusema hana mgongo. Kumbe ukoo wa kijana ulikuwa na ng'ombe, wazuri tu, waliolishwa kwenye majani ya kisiwani. Wazee wao wakavuka wakaja, wakasalimiana na wazee wetu salamu ndefu zile za kuulizana mpaka hali ya mbuzi, wakakubaliana. Ndipo baba akatoa sharti lake. "Nawataka waje wakiwa wazima, na wateremke wenyewe kwa miguu yao. Ng'ombe wa kubebwa siwapokei."

Kila mtu alielewa ugumu wake. Ng'ombe akivushwa kwa kafi hufungwa miguu na kulazwa chini ya mtumbwi, jua linampiga, maji yanamloweka, na akifika huwa hawezi kusimama, au amekwisha kufa njiani. Ili wasimame ilitakiwa mtumbwi mpana na safari fupi, maana yake mashine. Na mashine ya kufaa ilikuwa moja tu. Ya baba. Wazee wa kisiwani wakamwomba, naye akakubali kwa upole mwingi ulionitia wasiwasi.

Baba mkubwa, kaka yake baba aliyekuja kutoka Shinyanga kwa shughuli hiyo, akamuuliza mbele ya watu atafunga panga gani. Mimi nilikuwa jikoni, masikio yangu yako nje. "La mwendo," baba akasema. "Ng'ombe hawapendi maji. Wafike upesi."

Niliacha kukoroga. Nilijua kitakachotokea kama ninavyoujua mkono wangu. Wale ng'ombe wakipanda, mashine itakoroma, itazimika, chombo kitageuka ubavu kwa mawimbi, ng'ombe watashtuka wote kwa pamoja na kuegemea upande mmoja. Ndani yake yumo mwanamume ninayemtaka, na nyuma amekaa baba yangu asiyejua kuogelea. Na hata Mungu akiwanusuru wote wawili, ng'ombe hawatafika, na ndoa imekwisha.

Mtu wa leo ataniuliza kwa nini sikutoka nje nikasema. Wee! Binti kuzungumzia ng'ombe wake mwenyewe? Hata kuwatazama hakutakiwi. Wangesema anajipigia mnada. Mama naye alishamwambia baba maneno yake, akajibiwa mambo ya mashine si ya wanawake, na aliponuna alinuna kweli, mpaka chumvi ikapungua kwenye mboga.

Kesho yake mchana baba alikuwa anakula na baba mkubwa kivulini pa nyumba. Nikaenda kwenye mikeka, nikalichukua lile panga la mzigo, nikalisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa kuliko sufuria za mama. Nikaliweka kwenye sinia, nikalifunika kwa ungo. Nikawapelekea maji ya kunawa, wakanawa. Nikapiga magoti, nikaweka sinia mbele yao kwa adabu zote nilizofundishwa, nikasema karibuni chakula, nikarudi jikoni kuchungulia.

Baba akafunua ungo.

Baba mkubwa ndiye aliyeanza kutikisika mabega, akijizuia, mwisho akashindwa. "Ndugu yangu," akasema, "hii nayo ni mboga gani?"

Baba alikuwa bado ameshika ungo hewani. "Ni mboga ya kwetu," akasema. "Bado haijaiva." Akafunika. Akaita ugali uletwe, na aliponiona naja na ugali halisi hakunitazama machoni wala hakunigombeza. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Ila mimi sikujua kama nimemfumbia mjinga au mwerevu, na hofu yangu haikupungua hata kidogo.

Siku ya kuleta ng'ombe niliamka kabla ya kuku na kwenda kwenye mikeka. Lile panga halikuwepo pale nilipolirudisha. Moyo ukaanza kupata nafuu. Kisha nikasikia mashine ikiwaka, na chombo kikaruka kuelekea kisiwani kama siku ile ya kwanza, pua juu. Mwendo ule haukuwa wa panga la mzigo. Baba alikuwa ameondoka na panga la mwendo. Niliketi chini palepale kwenye mchanga, mama akaja akaketi karibu. Mama alikuwa amebeba mimba nyingi na mimi peke yangu ndiye niliyepona, na sidhani kama siku ile alijua aombe nini.

Mchana ulikuwa mrefu. Niligeuza furu, nikawageuza tena, masikini ya Mungu, nadhani wale furu walikauka kuliko furu wowote waliowahi kukaushwa Nkome. Watu walianza kujaa mwaloni. Hatimaye mtu mmoja akanyoosha mkono, tukaona kitu cheusi majini. Kilikuwa kinakuja polepole, polepole mno, nikasema moyoni ndiyo hiyo imezimika wanapiga kafi. Lakini sauti ya mashine ilikuwepo, nzito, ya mfululizo, haikoromi wala haikatiki. Chombo kilikuwa kimekaa sawa juu ya maji. Vichwa vya ng'ombe vikaanza kuonekana, pembe kwa pembe, wamesimama, na katikati yao mwanamume wangu ameshika kamba huku na huku, anawasemesha. Nyuma kabisa baba, mgongo umenyooka.

Wakateremka wenyewe. Mmoja aliteleza kidogo, akasimama, akajikung'uta maji, akaanza kula khanga ya mtu. Vigelegele vilipigwa. Mimi sikutakiwa kutazama, kwa hiyo nilitazama kupitia upenyo wa khanga.

Watu walipokwenda kuwaona ng'ombe zizini, baba alibaki ananawa miguu. Nikaenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone." Ng'wanone ni mwanangu kwa Kisukuma, na alilitumia neno hilo kwa nadra.

"Ulibadilishia kisiwani."

"Nilibadilishia kisiwani. Kwenda chombo kitupu, la mwendo. Kurudi na mzigo, la mzigo. Ulidhani nini?"

"Si ulisema la mwendo?"

Akaendelea kusugua kisigino ambacho kilikwisha takata. "Ile mashine niliibeba mimi begani kutoka Geita," akasema. "Nisijue inapochokea? Nimejua tangu siku ya kwanza na magunia yako. Ningewapakia wale ng'ombe palepale kwao kwa panga la mwendo, mashine ingegoma kabla ya kutoka pwani, ningewaambia mmeona wenyewe, ziwa limekataa. Wangewashusha. Kijana angepata mke hukohuko, na wewe ungebaki unanisumbua na furu wako. Ndivyo nilivyopanga, mpaka uliponiletea ile mboga."

Nikammwagia maji miguuni.

"Na kulinoa lile la kwanza?" nikamuuliza baadaye. "Nalo ulikuwa unajua?"

"Hapana," akasema. "Lile sikujua."

Tukacheka. Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kulikoni.

Walinipeleka kisiwani baada ya mavuno. Kwa desturi baba hampeleki binti yake kwa mume, ni aibu, hiyo ni kazi ya shangazi. Lakini nahodha mwingine alikuwa nani? Akakaa nyuma kwenye mashine yake kana kwamba amekodiwa, na mimi mbele nimefunikwa, shangazi ubavuni, vyungu viwili na mkeka. Mzigo haukuwa hata nusu ya ng'ombe mmoja, lakini tulikwenda taratibu, na mashine ilikuwa inapiga kelele. Kupitia upenyo wa khanga nililiona panga la mwendo limechomoza bawa kwenye gunia miguuni pake. Nilidhani amesahau kubadilisha. Nilikuwa na haraka ya kufika, nawaambieni ukweli, nikakereka.

Tulipofika hakushuka. Mkwe haingii kwa wakwe siku hiyo. Wanaume walinipokea, vyungu vikashushwa, na baba akasukuma chombo kwa kafi bila kugeuka. Niliingizwa uani, nikaketishwa mkekani, wanawake wakaimba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nilikaa vile nilivyofundishwa, kichwa chini.

Katikati ya kuimba kwao nilikuwa nasikia mashine. Panga la mzigo likikosa mzigo, mashine hukimbia bure, hulia sauti nyembamba ya juu, na chombo kinajikokota. Kule kwenda na panga la mwendo kungemfikisha upesi sana, yuko peke yake, hana hata gunia. Gunia lenye panga lilikuwa miguuni pake. Nilisubiri sauti ikatike, nijue amesimama anabadilisha. Haikukatika. Ililia, ikalia, ikipungua kidogo kidogo upande wa Nkome, na mimi nikaanza kulia chini ya khanga, kilio cha kweli, si kile cha kufundishwa.

Mama mkwe alikuja kunifuta uso. Akatega sikio kuelekea ziwani.

"Mashine imemharibikia mkwe?" akaniuliza. "Mbona inalia hivyo na haendi?"

Nikamwambia haijaharibika, mama. Hana haraka ya kufika nyumbani.